Fundi, niandikie ni bodi gani

 

Leo naongea kuhusu plaiwudi, na kabla hujapita kwenda kwa video za kudansi, hebu angalia hicho kitanda umekalia. Ama hiyo meza ya TV. Kama umetoka kwenu miaka hii miwili mitatu ukaingia bedsita yako hapa Marachi, Burumba ama huko karibu na Alupe, karibu kila kitu umenunua na doo yako ya kwanza kimetengenezwa na bodi. Mbao kamili, mvule na mahogani, ziko kwa sebule za wazee. Sisi wengine tunaishi na bodi, na wengi wetu hatujui ni bodi gani.

Msimamo wangu ni huu. Fundi akikutengenezea kitu, aandike kwa risiti aina ya bodi, unene wake, na mahali ambapo haifai kukaa. Hakuna kuandika "kabati 1" halafu tuachane. Asiyetaka kuandika, usimpe dipoziti. Najua mafundi kadhaa watanikasirikia, na wengine ni majirani tunakula nao chapo kwa kibanda kimoja, lakini wasome hadi chini. Hiyo karatasi inawalinda wao kuliko inavyotulinda sisi.

Kwanza tuondoe swali moja ambalo kila mteja wa huku mpakani anauliza akifika karakana: "Hii ni ya Kenya ama ya Uganda?" Kuna wanaoapa ya Uganda ndio nzito, kuna wanaoapa ya kwetu ndio haipindi. Kwa maoni yangu hilo ni swali la mpira, si la fanicha. Bodi zinatengenezwa Eldoret na Nakuru, zinatengenezwa Jinja, na zingine zinateremka Mombasa kutoka Asia. Jinja iko karibu nasi kuliko Nairobi, kwa hivyo hakuna maajabu bodi za ng'ambo zikijaa karakana zetu. Tena serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti kwa misitu ya umma Februari 2018, watu wa mbao wengi waligeuza macho upande ule. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuondoa marufuku, watu wakaenda kortini, lakini wakati huo biashara ilikuwa ishazoea njia. Kila upande unatoa bodi nzuri na bodi takataka. Uraia wa bodi haukuambii kama itafura mvua ikianza.

Kinachokuambia ni kiini na gundi. Vitu viwili ambavyo hauvioni.

Plaiwudi inatengenezwa hivi: gogo linazungushwa kwa mashine dhidi ya kisu kirefu, kama penseli kwa kichongeo, linatoa ngozi moja ndefu nyembamba. Hiyo ngozi inaitwa vinia. Inakatwa vipande, vinabandikwa moja juu ya nyingine, na kila moja nyuzi zake zinakatiza za jirani. Ndio maana plaiwudi haipasuki kwa mstari mmoja kama ubao, na ndio maana ukihesabu tabaka karibu kila mara utapata 3, 5, 7 na kuendelea, ili ile ya juu na ile ya chini zivutane sawasawa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walitengeneza ndege ya vita, Mosquito, mwili wake ukiwa plaiwudi na mbao. Iliruka ikarusha mabomu. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema plaiwudi ni ya watu hawana pesa, mwambie tatizo si plaiwudi, tatizo ni ile aliuziwa.

Sasa, kwa hadiwea utasikia herufi. A, B, BB, CC na marafiki zao. Watu wanafikiri ni kama gredi za mtihani, ati A ndio ngumu. Hapana. Hizo herufi zinahesabu sura: upande wa juu una macho mangapi ya mbao, viraka vingapi, nyufa ngapi. Ndio maana zinakuja mbili mbili, moja ya uso na moja ya mgongo. B/BB maana yake upande mmoja umependeza kuliko mwingine, basi. Haisemi chochote kuhusu gundi. Haisemi kama ndani kuna mashimo. Ni kama kuchagua mtu kwa picha ya profaili. Na si sisi pekee tunadanganywa na herufi: Marekani kuna bodi inaitwa CDX, na watu wengi huko wanaamini ile X inamaanisha ni ya kukaa nje. Ukweli ni kwamba imetengenezwa kuvumilia mvua kidogo wakati nyumba inajengwa, si kuishi nje.

Kwa kabati ambalo utapaka rangi, sura ya A ni kutupa pesa. Nunua sura ya kawaida, weka hiyo tofauti kwa gundi nzuri. Ukitaka kupaka vanishi nyuzi zionekane, hapo sawa, lipia sura.

Gundi nayo ndio roho. Kuna gundi ya ndani, urea fomaldehaidi, ambayo iko sawa kabisa kwa chumba kikavu. Kuna ya fenoli, inayostahimili maji, na Waingereza wakaiita WBP, yaani haishindwi na hali ya hewa wala kuchemshwa. Mara nyingi gundi ya fenoli inaacha mistari myeusi ukiangalia bodi ubavuni, ile ya urea inaacha mistari myeupe. Mara nyingi, si kila mara, kwa hivyo usitegemee macho pekee. Omba kipande kidogo cha mabaki, enda nacho nyumbani, kichemshe kwa sufuria masaa kadhaa. Kikifunguka kama kitabu kimelowa, umepata jibu lako kabla ya kulipa. Ni kipande cha bure. Fundi atakucheka, mwache acheke.

Hapo ndipo neno "marini" linaingia, na hapo ndipo doo nyingi inapotea. Kuna plaiwudi ya marini ya kweli, ile ya mashua, ina kiwango chake cha Uingereza kinaitwa BS 1088: gundi ya kustahimili maji na kiini kisicho na mashimo. Halafu kuna zile bodi zenye ngozi ya kahawia au nyeusi ambazo wajenzi wanatumia kushikilia konkriti ikikauka. Hizo pia mtaani zinaitwa marini. Hazifanani. Ile ya ujenzi inaweza kukufaa vizuri chini ya sinki, lakini usiuziwe kwa bei ya mashua kwa sababu tu jina ni moja. Uliza imeandikwa nini pembeni. Kama haijaandikwa kitu, hilo ni jina tu.

Mwaka jana hapa mtaani kulitokea kesi ya saluni. Dada mmoja alifungua mahali pake, akataka kabati jeupe linang'aa chini ya sinki la kuosha nywele, na rafu za bidhaa. Fundi akaleta, kila mtu akapiga picha. Mvua za Machi zikaingia, na saluni yenyewe maji hayakauki sakafuni, na kufikia Juni sehemu ya chini ilikuwa imefura kama mandazi, milango haifungi. Yeye anasema walikubaliana marini. Fundi anasema walikubaliana MDF ya kupaka rangi, na kwa ile bei mtu angepata marini wapi? Mzee wa mtaa akawekwa katikati, asubuhi nzima. (Mimi nilikuwa pale na simu, nikaambiwa niiweke mfukoni.) Risiti ikatolewa. Imeandikwa: kabati la saluni, 1, dipoziti imepokelewa. Hakuna hata mtu mmoja angeweza kuthibitisha chochote. Mwishoni fundi akakubali kurudia sehemu ya chini, dada alipe bodi peke yake, na hadi leo hawasalimiani. Na mimi nafikiri wote wawili walikuwa wanasema ukweli. Mmoja alisema "marini" akimaanisha kitu hakiharibiki, mwingine akasikia "nyeupe, laini, nafuu".

Laini moja ya kalamu ingemaliza hiyo kesi.

Na MDF yenyewe si adui, nataka hilo lieleweke. Ni unga wa nyuzi za mbao umegandamizwa na gundi. Hakuna bodi inapakwa rangi ikapendeza kama hiyo, haina macho, haina nyufa, na zile milango za kuchorwa maua kwa mashine huwezi kuzitoa kwa plaiwudi. Ila ni nzito, karatasi moja ya futi 8 kwa 4, milimita 18, inakaribia kilo 40, na ikinywa maji hairudi. Plaiwudi nzuri ikilowa ukaikausha inaweza kusamehe. MDF haijui kusamehe. Kwa hivyo milango ya juu, ndio. Chini ya sinki, hapana. Sehemu inayogusa sakafu ambapo unapiga deki kila asubuhi, hapana kabisa, hata ikiwa na rangi koti tatu. Inua hilo kabati kwa miguu, inchi mbili tu, hata mchwa utauona ukipanda kabla haujafika.

Chipbodi iliyovalishwa melamini ndio inauzwa ikiwa imeshapakiwa kwa boksi, unakuja kuunganisha mwenyewe ukiangalia michoro. Inang'aa, inapiga picha vizuri. Shida yake si maji pekee, shida yake ni maisha yetu. Sisi tunahama. Landilodi anapandisha, chuo kinafungwa, kazi inaisha, mkokoteni unaitwa. Chipbodi ni vipande vidogo vya mbao na gundi, skurubu ikitolewa na kurudishwa kwa shimo lile lile inazunguka tu bila kushika. Kabati la chipbodi linahama mara moja. Mara ya pili linahama likiwa kuni. Kama unajua utakaa keja moja miaka mitano, sawa, nunua. Ni wangapi wetu tunajua hilo?

Blokbodi ndio naipenda na naona haipewi heshima. Ndani ni vipande vya mbao kamili vimepangwa bega kwa bega, juu na chini zimefunikwa vinia. Ni nyepesi kwa unene wake, inashika skurubu, na kwa rafu ndefu inasimama vizuri. Lakini ina siri: vile vipande vya ndani lazima viende urefu wa rafu. Fundi akiikata kwa upana ili kuokoa karatasi, rafu itapinda katikati kama machela, na utalaumu bodi bure. Angalia ubavu kabla hajaweka ejingi. Ejingi ikishabandikwa, umefungiwa nje ya ukweli.

Unene pia unadanganya. Nenda na rula, si aibu. Bodi inaitwa 18 na ukipima unapata 15 au 16. Unaona ni milimita tu, ama? Ugumu wa bodi kupinda unafuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Hesabu ya Form Two: 15 badala ya 18 umepoteza zaidi ya asilimia 40 ya ugumu. Na ukitoka 12 kwenda 18 unapata zaidi ya mara tatu. Hapo ndipo rafu ya vitabu vyako inakaa wima ama inatabasamu.

Sasa tuje kwetu wateja, kwa sababu mafundi wananingoja hapa. Ni ukweli, sisi ndio tunafundisha fundi kunyamaza. Unafika na picha ya kabati la Dubai, fundi anakupigia hesabu, unashusha. Anapunguza. Unashusha tena. Unaita binamu yako aje kushusha pia. Fundi ana karo ya watoto, ana kodi ya karakana, na dipoziti yako ndio mtaji wake wa kununua bodi. Hatakataa kazi. Ataenda hadiwea abadilishe bodi, na hatakuambia, kwa sababu hukuuliza. Hiyo bei uliyoshinda ilitoka mahali. Ilitoka ndani ya kabati lako.

Bei ikiwa juu, shusha kazi, usishushe bodi kimya kimya. Mwambie aondoe milango, weka pazia. Apunguze futi moja. Mgongo wa kabati haubebi kitu, plaiwudi ya milimita 3 au 6 inatosha, si lazima 18 kila mahali. Kitanda cha 4 kwa 6 juu ya fremu ya mbao kinakula karatasi moja tu ya 8 kwa 4, na unabaki na kipande cha futi 2 kwa 4 cha ubao wa kichwani. Fundi mzuri atakuonyesha hayo mwenyewe ukimpa nafasi, kwa sababu anajua karatasi inakatwaje kuliko wewe na Pinterest yako.

Wengine watasema, hizi bodi zingine zinapita na boda kwa njia za panya, risiti itatoka wapi? Hapo ndipo naona tunajiumiza. Bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwa orodha iliyokubaliwa, mzigo usiozidi dola 2,000, zinapita mpakani kihalali kwa cheti rahisi cha asili, bila ushuru wa forodha. Bodi iliyopita usiku haina mwenyewe. Ikibanduka, fundi hana pa kuirudisha, hasara ni yake, na hasara ya fundi mwishowe inaingia kwa kazi ya mteja anayefuata.

Na sheria iko upande wa kuandika. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kumwezesha kunufaika nazo. Mahakama ya madai madogo inasikiza hadi shilingi milioni 1. Sisemi tupelekane kortini kwa stendi ya TV. Lakini fundi ambaye ameandika "MDF, lisiwekwe penye maji" ameshinda hiyo kesi kabla haijaanza, na yule dada wa saluni angekuwa amesoma hilo neno "maji" akauliza swali siku ile ile.

Pia fanicha kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inapigwa ushuru wa asilimia 35 tangu Julai 2022. Maana yake fundi wetu amewekewa ukuta wa kumkinga na kabati la Uchina, na sisi wote tunaulipia huo ukuta. Kumwomba akuandikie ni bodi gani si kumdharau.

Kitu kingine nitataja haraka japo kinaniuma. Gundi nyingi za bodi hizi zina fomaldehaidi, ile harufu ya kabati jipya inayochoma macho. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 kwa kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wewe ukilileta nyumbani fungua madirisha siku kadhaa, paka rangi kingo zilizo wazi. Lakini yule kijana wa karakana anakata MDF siku nzima, vumbi jeupe hadi kwa kope, na kitambaa cha shingo ndio barakoa. Ukienda kuangalia kazi yako, mpelekee barakoa ya maana. Usimpelekee soda.

Kwa hivyo hii ndio mfano wa vile nataka iandikwe. Nakili, mtumie fundi wako kabla ya dipoziti:

"Kabati la nguo, futi 6 kwa 4. Mwili na rafu: blokbodi ya milimita 18, vipande vya ndani viende urefu. Mgongo: plaiwudi ya milimita 6. Milango: MDF ya milimita 18, praima na rangi pande zote na kingo. Miguu inchi 2. Lisikae kwa ukuta wenye unyevu. Mteja aone bodi kabla ya ejingi."

Ukipata fundi Busia, Bumala ama Malaba anayeandika hivyo bila kusukumwa, niambie karakana iko stage gani. Jumamosi napita huko na kamera, na hii mara simu haiingii mfukoni.